Tusikate Stempu, Tuhifadhi Barua Nzima

Katika nyumba moja huko Nyansiongo, si mbali na barabara itokayo Keroka kwenda Sotik, kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha mwalimu mmoja mstaafu. Ndani yake mna barua. Nyingi ni za jamaa waliokuwa wakisoma au kufanya kazi mbali na nyumbani. Mojawapo ni tofauti na wenzake: imepigwa taipu kwenye karatasi nzuri, na chini yake imetiwa sahihi kwa wino wa buluu na mwanasiasa ambaye kila msomaji wa umri wangu angelitambua jina lake mara moja. Jina hilo sitalitaja, maana ndivyo mzee alivyoniomba, na sababu itaonekana punde.

Barua yaanza, "Ndugu Mwalimu," basi. Haitaji jina. Katika ukoo ule, miaka ya mwanzo wa Uhuru, walimu walikuwa watatu, mzee mwenyewe na kaka zake wawili ambao wote wamekwisha kufariki. Mwanasiasa anamshukuru huyo Mwalimu kwa kazi aliyoifanya wakati wa uchaguzi, na anasema hataisahau. Mzee asema wazi kwamba si yeye aliyeandikiwa. Barua ilipatikana katika vitu vya marehemu mama yao, ambaye alikuwa akiwawekea wanawe wote karatasi zao. Sasa nyumba mbili zabishana. Kila moja yadai kwamba Mwalimu aliyeshukuriwa ni baba yao, na kila moja yataka barua ile itundikwe ukutani kwake.

Kama bahasha ingalikuwapo, neno lingalikwisha siku ile ile. Jina na nambari ya sanduku la posta vingalikuwa pale juu. Lakini bahasha haipo. Zamani mtoto mmoja wa nyumbani aliikata kona apate stempu, na kilichobaki kikatumika kuwashia moto.

Nani atamlaumu mtoto yule? Mimi ninayeandika haya nilifanya vivyo hivyo. Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa na daftari la stempu, nikizibandika kwa uji wa unga wa ngano, na kila barua iliyoingia nyumbani kwetu ilitoka mikononi mwangu ikiwa na tundu. Baba mdogo alikuwa ng'ambo masomoni, na barua zake ndizo zilizokuwa na stempu za kupendeza zaidi. Daftari lingali nami hadi leo. Stempu zimo, nyingi zimekunjamana kwa ajili ya ule uji. Barua hazimo, na ukiniuliza stempu hii ilitoka mji gani, mwaka gani, ikiwa na habari ya furaha au ya msiba, sina jibu. Mwenye duka la stempu hawezi kunipa hata bei ya kilo moja ya sukari.

Hoja ya ukurasa huu leo ni hiyo. Barua yenye sahihi, pamoja na bahasha yake, stempu yake na muhuri wake wa posta, ni kitu kimoja. Ukiitenga vipande, kila kipande hubaki kama shahidi aliyekatwa ulimi. Na katika sehemu kama Nyansiongo, ambako wazee waliopokea barua za viongozi wetu wa kwanza wanatuacha mmoja baada ya mwingine, kazi ya kuzikusanya haiwezi kungoja.

Wengine watasema kwamba kukusanya barua za watu mashuhuri ni mchezo wa Wazungu wenye fedha na nafasi. Ni kweli kwamba Marekani mchezo huo umekuwa biashara kubwa. Wapo wanaotumia maisha yao yote wakitafuta sahihi za watu 56 waliotia mkono Tangazo la Uhuru la mwaka 1776. Aliye adimu kuliko wote si George Washington wala Thomas Jefferson. Ni mtu mmoja aitwaye Button Gwinnett, wa Georgia, ambaye hakufanya mengi ya kukumbukwa ila kutia sahihi ile, halafu akafa mwaka uliofuata kwa jeraha la bastola alilolipata katika pambano na mwanasiasa mwenzake. Sahihi zake zinazojulikana ni kama hamsini tu. Kwa hiyo kipande cha karatasi chenye jina la Gwinnett, hata kama ni hati ya deni, huuzwa kwa bei ambayo kwetu ingenunua shamba la chai pamoja na ng'ombe wa maziwa.

Lakini tusiangalie bei peke yake, maana katika mambo ya Wamarekani hao yamo mafunzo mengine. Siku zile za akina Washington bahasha hazikuwa zikitumika sana. Mtu aliandika barua yake, akaikunja mara kadhaa mpaka upande wa nje ukawa mweupe, akaifunga kwa lakiri, akaandika anwani juu ya karatasi ile ile. Stempu hazikuwapo, serikali yao ilitoa za kwanza mwaka 1847, moja ikiwa na sura ya Benjamin Franklin na nyingine ya Washington. Kabla ya hapo, mara nyingi aliyelipa posta alikuwa yule anayeipokea barua. Viongozi wa serikali na wabunge walikuwa na haki ya kupeleka barua bila malipo, na njia yake ilikuwa kutia sahihi pembeni mwa anwani. Sahihi ndiyo iliyokuwa stempu. Franklin, aliyefanywa Mkuu wa Posta mwaka 1775, alikuwa na mzaha wake. Badala ya kuandika neno "free" kando, maana yake bila malipo, na pia huru, alilichomeka katikati ya jina lake mwenyewe, "B. Free Franklin". Utani huo aliuandika juu ya barua, upande wa nje, ambako kila tarishi angeuona. Aliyehifadhi barua ya ndani akautupa upande wa nje hakuupata.

Kwetu pia tulikuwa na namna hiyo. Wazee wanazikumbuka bahasha ndefu za Serikali ya kikoloni zilizoandikwa OHMS, kwa jina la utumishi wa mfalme na baadaye malkia. Bahasha ya aina hiyo ikiletwa na askari wa chifu, nyumba nzima ilinyamaza kabla haijafunguliwa.

Ingawa tunawasifu Wamarekani kwa utunzaji wao, wao nao waliharibu. Katika karne ya 19 ilikuwa desturi kwa mabibi na mabwana kuwa na vitabu vya sahihi, na ili kuvijaza walizikata sahihi kutoka chini ya barua, wakatupa yaliyoandikwa juu. Barua ngapi za waasisi wao zimepotea kwa mkasi! Kasisi mmoja, William Sprague, alipokuwa kijana akifundisha watoto katika nyumba ya jamaa za Washington huko Virginia, aliruhusiwa kuchukua barua kutoka hazina ya marehemu kwa sharti moja: aache nakala badala ya kila anayoichukua. Akachukua kiasi cha 1,500. Kasisi huyo ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kukamilisha sahihi za wale watu 56. Alikuwa mtunzaji mzuri, na wengi humsifu. Hata hivyo hazina iliyokuwa mahali pamoja ilitawanyika kwa ajili ya mapenzi ya mtu mmoja. Na Martha Washington, mjane, alikuwa amekwisha kuchoma karibu barua zote alizoandikiana na mumewe. Huyo simlaumu. Yako mambo ya mume na mke ambayo si ya taifa.

Kuna uhusiano wa karibu zaidi kati ya barua hizo na pwani yetu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifika Muscat na akafanya mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Rais wa Marekani wakati huo alikuwa Andrew Jackson. Mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem akaja Unguja akiwa balozi wa kwanza wa nchi yake. Nguo ya pamba iliyoletwa na merikebu zao ndiyo tuliyoiita merikani, na bibi zetu wa bara waliivaa bila kujua Salem iko wapi. Mwaka 1840 Sayyid Said alipeleka merikebu yake Sultana hadi New York, chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na zawadi na barua kwa Rais Martin Van Buren. Basi mambo ya Unguja ya zama zile yamo katika karatasi za wafanya biashara wa Salem, na karatasi za Waters zimehifadhiwa na makumbusho ya mji huo. Mwanafunzi wa Unguja, au wa Nyansiongo, anayetaka kujua karafuu na pembe ziliuzwaje hapa kwetu siku zile hana budi kubisha hodi Marekani.

Na si mambo ya kale tu. Hayati Tom Mboya alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka. Alizunguka Marekani mwaka 1959 akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wetu, na Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Wamarekani mashuhuri, miongoni mwao Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuomba michango. Tarehe 8 Julai 1959 Martin Luther King alimwandikia Mboya kuhusu msaada kwa mwanafunzi wa Kiafrika. Mwaka uliofuata fedha zilipopungua, wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kila nafasi ya masomo ilikuwa na barua yake, kutoka chuo kikuu, kutoka kwa wafadhili, kutoka ofisi ya Mboya mwenyewe Nairobi. Lakini leo sehemu kubwa ya karatasi za Mboya iko California, katika Taasisi ya Hoover kwenye Chuo Kikuu cha Stanford. Sanamu yake tunayo. Imesimama tangu 2011 katikati ya Nairobi, hatua chache kutoka jengo la Nyaraka za Taifa, na hatua chache pia kutoka mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Wananchi hupiga picha hapo. Anayetaka kusoma alichokiandika atafute pasipoti kwanza.

Syracuse, katika jimbo la New York, kuna filamu ndogo za faili nyingi za utawala wa kikoloni wa Kenya, zilizopigwa miaka ya 1960. Uingereza nayo ilichukua zake kimya kimya. Kabla ya Uhuru mwaka 1963, maofisa walichoma faili fulani na nyingine wakazisafirisha, na tangu hapo serikali yao haikusema neno mpaka 2011, wazee wetu wa Mau Mau walipokuwa wakidai haki yao mahakamani London. Ndipo ikakiri kwamba faili kama 1,500 za Kenya, katika masanduku 300, zilikuwa zimefichwa Hanslope Park. Miaka miwili baadaye, Juni 2013, serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Msomaji asidhani basi kwamba karatasi kuukuu ni takataka. Kwa wazee wale karatasi zilikuwa ushahidi.

Sasa turudi Nyansiongo. Kwa nini Nyansiongo, na si Nairobi au Mombasa? Kwa sababu Nyansiongo ni mahali pa watu waliohamia. Mashamba yale yalikuwa ya walowezi wa Kizungu mpaka miaka ya 1960 yalipogawanywa, na familia zikatoka huku na huku katika nchi ya Abagusii kuja kuanza maisha mapya. Mtu anayehama huchukua vitu vichache, na karatasi huwa miongoni mwa hivyo, kwa kuwa ndizo zilizompa haki ya kuwa pale alipo: barua ya kumgawia shamba, barua za mkopo, risiti, na barua ya mwisho inayosema deni limekwisha. Pamoja na hizo zimo za wanasiasa waliokuwa wakiomba kura, za makasisi, za maofisa wa wilaya, na za watoto waliokwenda ng'ambo. Hakuna jumba la makumbusho lililozikusanya. Zimo katika masanduku ya bati, katika mikebe ya Kimbo, na nyingine zimefichwa darini ambako moshi wa jikoni umezifanya rangi ya chai.

Bahasha za huko zina habari ambayo haimo ndani ya barua. Siku zile wachache sana walikuwa na sanduku la posta lao wenyewe. Barua ilikuja kwa kupitia shule, kanisa, au duka la mtu fulani, na kwa kusoma anwani utajua familia ile ilimtegemea nani. Muhuri utakuambia barua ilitiwa posta wapi na siku gani, hata kama mwandishi alisahau tarehe. Stempu yenye majina ya Uganda, Kenya na Tanganyika yaonyesha zama za posta yetu ya pamoja, iliyovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Bahasha kutoka kizuizini ilikuwa imefunguliwa na mkaguzi kabla mke hajaiona. Huwezi kulijua hilo kwa kuisoma barua peke yake.

Halafu kuna jambo la lugha. Mzee wa Nyansiongo alinionyesha barua ya nduguye kutoka ng'ambo, iliyoandikwa kwa Ekegusii na kuanza kwa neno "Baba". Nikasema, "Hii alimwandikia baba yenu." Mzee akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "kwetu baba ni mama. Baba mzazi ni tata. Hiyo alimwandikia mama, nami ndiye niliyemsomea, maana hakujua kusoma."

Hebu fikirini barua hiyo ingekuwa imenunuliwa na mgeni na kupelekwa makumbusho ya mbali. Mtunzaji mwenye shahada zake, na kamusi ya Kiswahili mezani, angeiandika katika orodha kuwa ni barua ya mwana kwa babaye. Watafiti wangeinukuu hivyo, na mama yule, ambaye aliuza mtama ili mwanawe apate nauli, angefutwa kabisa. Kosa hilo hurekebishwa na mtu mmoja tu aketiye pale pale barua ilipofikia, naye ana miaka zaidi ya themanini.

Tukiulizwa kama yuko Mkenya aliyeifanya kazi hii ya kukusanya kwa moyo, jina la kwanza ni la hayati Joseph Murumbi. Wengi wanamjua kuwa Makamu wa Rais aliyekaa miezi michache tu mwaka 1966 kisha akajiuzulu. Wachache wanajua kwamba alikuwa mkusanyaji mkubwa wa vitabu, sanaa, stempu na karatasi za Kiafrika, na kwamba aliponunua kitu alitaka kukijua chimbuko lake. Miaka ya 1970 aliviuza vitu vyake vingi pamoja na nyumba yake ya Muthaiga kwa Serikali ya Kenya, ili visitoke nchini. Vitabu na stempu zake ziko Nyaraka za Taifa, na tangu 2006 pana jumba la maonyesho lenye jina lake. Hiyo ni sifa kwa nchi. Lakini nyumba ile ya Muthaiga, iliyokusudiwa iwe mahali pa elimu, ilibomolewa. Twalitaja hili kwa sababu mwananchi wa Nyansiongo ana haki ya kuuliza, akiombwa atoe barua za baba yake, "Je, mtazitunza?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Upo pia upande wa fedha, nao una hatari zake. Mzee aliniambia kwamba vijana wawili wamekwisha kumjia wakitaka kununua ile barua yenye sahihi, kila mmoja akidai ametumwa na bwana fulani mjini. Ndiyo sababu jina limefichwa. Hatusemi kuuza ni dhambi; mtu mwenye karo ya kulipa hawezi kula historia. Twasema auze akijua anachouza, na asiuze kwa siri huku nyumba nyingine haina habari. Naye anayenunua ajihadhari. Mahali penye bei pana wenye kughushi. Marekani, Robert Spring alijipatia riziki katika karne ya 19 kwa kuandika hundi na hati za Washington ambazo Washington hakuziona kamwe, na baadaye Joseph Cosey akafanya hivyo hivyo kwa mkono wa Lincoln na wa Franklin. Hata sahihi isiyo ya mwizi yaweza kuwa si ya mwenyewe. Barua nyingi za Rais Kennedy zilitiwa sahihi na makarani wake au na mashine iliyoshika kalamu. Basi yule anayejivunia barua ya Ikulu ya Washington iliyomfikia babu yake aitunze sana, ila asiape kwamba mkono ule ulikuwa wa Kennedy.

Kuna na karatasi ambazo hazipaswi kuuzwa wala kununuliwa na mtu yeyote. Karatasi iliyochomolewa katika faili ya Serikali, yenye matundu mawili ya kamba pembeni na nambari ya faili juu, ni mali ya umma. Mkusanyaji anayeinunua hamsaidii mtu. Analipa mshahara wa mwizi. Tofauti ni kwamba barua iliyotumwa kwa mwananchi ni ya mwananchi huyo na wanawe.

Twataka nini basi? Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya maktaba na makumbusho. Serikali ya Kaunti ya Nyamira haihitaji kujenga jumba la ghorofa. Yahitaji chumba kimoja kikavu, chenye mlango unaofungwa, mashine ya kunakili, na mtu mmoja anayejua Ekegusii na ambaye hatahamishwa kila baada ya miezi sita. Mwananchi alete barua yake, inakiliwe pande zote pamoja na bahasha, mbele na nyuma, aulizwe nani ni nani, maelezo yake yaandikwe, halafu arudi nyumbani na barua yake. Nakala moja ibaki Nyamira na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa. Mambo ya siri ya nyumba yafungwe kwa miaka ambayo wenyewe watapenda. Kaunti ya Kisii, ambayo ina historia moja na Nyamira, yaweza kufanya hivyo pia, na kama zikiona gharama ni kubwa basi zishirikiane. Kwa sasa mtu wa Nyansiongo mwenye hamu hiyo hana budi kupanda gari kwenda Kisumu au Nairobi, na hakuna mzee atakayesafiri na sanduku la bati kichwani kwa ajili ya karatasi ambazo jirani zake wanaziita uchafu.

Shule nazo zina sehemu. Zamani shule nyingi zilikuwa na chama cha wakusanya stempu, na hapana shaka kilifundisha jiografia kuliko ramani za ukutani. Vikifufuliwa, mwalimu awakataze watoto mkasi. Anayependa stempu aipende ikiwa juu ya bahasha. Anayetaka sahihi aitazame ikiwa chini ya barua. Na siku hizi ambapo barua zenyewe zimekuwa chache, na habari za nyumbani zinakwenda kwa simu na kufutika kabla ya mwezi kwisha, watoto wapewe kazi ya kumwandikia babu barua moja ya kweli na kuitia posta. Wengi wao hawajapata kulamba bahasha.

Na wale wenye masanduku wasingoje serikali. Nyansiongo ni nchi ya chai, yaani nchi ya mvua, na adui wa karatasi huko ni unyevu kuliko mchwa. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni juu ya matofali au mbao. Pini na vibanio vya chuma vitolewe, kwa maana vitapata kutu na kula karatasi. Iliyochanika isibandikwe kwa utepe wa gundi, ule wa dukani hugeuka manjano na kuitafuna. Wala msipeleke barua kufunikwa plastiki ya moto kama kitambulisho. Ikisha kufunikwa haifunuliki tena. Kila barua ikae na bahasha yake ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, na juu ya karatasi hiyo ya nje yaandikwe kwa penseli majina ya mwandishi na mwandikiwa. Ipigwe picha kwa simu, na picha wapewe jamaa wawili watatu wanaoishi mbali mbali. Kubwa kuliko yote, mzee aketishwe na aulizwe huku akiishika barua mkononi, maana karatasi humkumbusha mtu mambo ambayo swali tupu haliyaamshi.

Kuhusu ile barua ya "Ndugu Mwalimu", mzee ameamua kwamba kila nyumba ipewe nakala, na barua yenyewe ibaki sandukuni mpaka ithibitike ilikuwa ya nani. Mjukuu wake mmoja ameanza kuzipitia karatasi nyingine za bibi yao, zilizojaa gunia zima, akitafuta barua ya pili kutoka kwa mwanasiasa yule yule au jibu lililoandikwa rasimu. Nilipoondoka alikuwa amefika nusu ya gunia. Amepata risiti za pareto, kadi za Krismasi, na bahasha tatu zenye matundu pembeni.